Kiingereza cha Nani Ndicho Sahihi?

Kijana wa Kisumu au Mombasa anayetaka kwenda kusoma Uingereza hukutana mapema na orodha moja ya serikali ya nchi hiyo. Ni orodha ya mataifa ambayo raia wake wengi huhesabiwa kuwa wazungumzaji wa Kiingereza, kwa hiyo hawadaiwi ushahidi wa lugha. Marekani imo, Kanada imo, Australia imo, Jamaika imo, Guyana na Belize zimo. Nchi ya Afrika haimo hata moja. Kijana huyo, aliyesoma hisabati, historia na biolojia kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, atalipia mtihani wa kuthibitisha kwamba anakijua, au atapeleka shahada yake ikakaguliwe. Mwenzake wa Kingston, ambaye nyumbani na sokoni huzungumza Kipatwa, lugha ambayo Mwingereza wa kawaida hawezi kuifuata bila msaada, atapita.

Mjamaika hana kosa, na haki yake asinyang'anywe. Lakini orodha hiyo inaibua swali kubwa kuliko viza. Kiingereza kinatofautianaje baina ya nchi na nchi? Tofauti hizo zilitoka wapi? Na ni nani aliyepewa muhuri wa kutamka kuwa hii ni lugha, ile ni makosa? Nitajaribu kuonyesha kwamba kila tofauti ina sababu ya kihistoria inayoweza kufuatiliwa, kwamba muhuri wa usahihi umekuwa ukifuata nguvu zaidi ya ubora, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu nzuri za kudai sauti katika jambo hili.

Meli na tarehe zake

Kiingereza hakikuondoka Uingereza kwa siku moja wala kwa kinywa kimoja. Walowezi wa Jamestown, Virginia, walifika mwaka 1607, Shakespeare akiwa bado hai. Wafungwa na askari wa kwanza walishushwa Sydney mwaka 1788. Walowezi wa Kiingereza walipelekwa kwa wingi mashariki mwa Rasi, Afrika Kusini, mwaka 1820, na New Zealand ikawekwa chini ya Uingereza kwa Mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840. Kila kundi lilibeba Kiingereza cha zama zake na cha mkoa wake, kisha lugha ikaendelea kubadilika pande zote za bahari, Uingereza kwenyewe kukiwamo.

Ndiyo maana dhana kwamba Mwingereza ameitunza asili na wengine wameichakaza haisimami. Mmarekani anapoyaita majira ya kupukutika kwa majani "fall", au anaposema "gotten" pale Mwingereza anaposema "got", anatumia maneno yaliyosikika Uingereza kabla meli hazijang'oa nanga. London ndiyo iliyoyaacha njiani.

Mfano ulio wazi zaidi ni sauti ya r. Walowezi wa mwanzo wa Amerika wengi wao waliitamka kila ilipoandikwa. Kuelekea mwisho wa karne ya 18, watu wa London na kusini mwa Uingereza walianza kuidondosha pale isipofuatwa na irabu, na katika karne ya 19 matamshi hayo yakawa alama ya mtu mwenye elimu. Australia, New Zealand na Afrika Kusini, zilizopokea walowezi wake katika kipindi hicho, zilipokea Kiingereza kilichokwisha kuipoteza r hiyo au kilichokuwa kikiipoteza. Uskoti, Ayalandi, Kanada na sehemu kubwa ya Marekani wangali wanaitamka.

Kiswahili kimehifadhi ushahidi wa jambo hili ambao tunautumia kila siku bila kuutazama. Tunasema nesi, shati, sketi, kadi, fomu, baa, meneja. Katika Kiingereza, kila neno kati ya hayo huandikwa kwa r, na sisi hatukuichukua. Mtu asidhani r ilitushinda: tulipokopa redio, treni, breki na lori, tuliichukua, kwa sababu hapo inafuatwa na irabu na Mwingereza huitamka. Masikio ya wazee wetu yalinasa barabara Kiingereza cha watawala waliokuwa mbele yao. Sasa itazame Ufilipino, iliyokuwa chini ya Marekani kuanzia mwaka 1898 hadi 1946. Huko nesi huitwa "nars", na dereva huitwa "drayber", r ya mwisho ikiwa mahali pake. Mataifa mawili yamekopa maneno yaleyale ya lugha ileile, na kila moja limeandika sauti ya bwana wake.

Tena thamani ya sauti hiyo haimo ndani ya sauti yenyewe. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alipita katika maduka makubwa matatu ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kati na moja la watu wa kipato cha chini, akawauliza wahudumu maswali ambayo jibu lake lilikuwa ghorofa ya nne, "fourth floor". Wahudumu wa duka la matajiri ndio waliotamka r mara nyingi zaidi, na wa duka la bei nafuu mara chache zaidi. Kutoitamka r kunampa mtu heshima London, na kutoitamka hukohuko kunamshusha New York. Angekuwapo anayedai kuwa masikio yake yanatambua uzuri wa kuzaliwa nao, utafiti huu ungemnyamazisha.

Kilipokutana na wenyeji

Sababu ya pili ya tofauti ni lugha ambazo Kiingereza kilizikuta. Hata jirani wa karibu kabisa alikibadilisha. Mwairishi akisema "I'm after eating" hana maana kwamba anatafuta chakula. Amemaliza kula sasa hivi. Muundo huo umetoka katika Kigaeli cha Ayalandi, lugha ambayo babu zake walikuwa nayo kabla hawajahamia Kiingereza. Kitambo watu wa London waliuhesabu kuwa ni ujinga wa mashambani. Leo waandishi wa Ayalandi wanauandika bila kuomba radhi.

Katika Afrika na Asia mchakato ni uleule. Mkenya au Mtanzania akimwona mtu amejikwaa humwambia "sorry", ingawa si yeye aliyemkwaza, kwa sababu moyoni anasema pole. Asiyeonekana kwa muda mrefu huambiwa "you are lost", yaani umepotea. Mganda akipita kwa anayelima humwambia "well done", na Mnigeria hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa lugha zao, kama nyingi za Afrika, hazimruhusu mtu kumpita anayefanya kazi bila kumtambua. Siku inayofuata kesho, ambayo kwetu ni keshokutwa, Mnigeria huiita "next tomorrow". Mhindi anayekuuliza "what is your good name?" anakupa adabu ya Kihindi. Msingapuri hujibu ombi zima kwa neno moja, "can", na kulitilia "lah" mwishoni ili kulainisha kauli, kineno ambacho amekirithi kutoka lugha za Kimalei na Kichina za bandari yake.

Ukiitazama mifano hii pamoja, utaona kuwa mingi inahusu utu: namna ya kusalimu, kuhurumia, kuuliza jina, kukubali bila ukali. Watu walipokichukua Kiingereza hawakuziacha heshima zao mlangoni.

Sarufi nayo inanyooshwa. Kutoka Lagos hadi Delhi hadi Dodoma utasikia "furnitures", "equipments" na "advices", maneno ambayo kwa kanuni za London hayana wingi. Hakuna mantiki inayoeleza kwa nini viti vinahesabika na samani hazihesabiki. Watu wa mabara mawili, bila kukutana, wamelainisha kifundo kilekile.

Matamshi hufuata mkondo huo. Mzungumzaji aliyelelewa kwa irabu tano za Kiswahili huyavuta maneno "bad", "bud" na "bird" yakaribiane, na kila silabi huipa uzito wake badala ya kumeza baadhi yake kama Mwingereza. Lakini hata mwenye lugha hahakikishiwi kueleweka: Mnyuzilandi akitaja kalamu, "pen", mgeni husikia pini. Tofauti yake haiitwi lafudhi mbovu. Huitwa Kinyuzilandi.

Labda mfano unaomgusa zaidi msomaji wa Kiswahili uko Marekani. Wamarekani Weusi wengi hutofautisha "he working" na "he be working". Shuleni zote mbili zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu vizazi kwa vizazi. Kwetu zinatafsirika bila shida: ya kwanza ni anafanya kazi, sasa hivi, ya pili ni hufanya kazi, ni desturi yake. Kiingereza sanifu hakina umbo la kitenzi lililotengwa kwa kazi ya hu- yetu peke yake. Wanaodharauliwa kuwa hawajui sarufi wanabeba upambanuzi ambao wanaowasahihisha hawauoni.

Maneno ya kila siku na hatari zake

Tofauti za msamiati ndizo zinazojulikana zaidi, na nyingi hazina madhara. Sisi tuna buti na boneti za gari kwa sababu Mwingereza alitutangulia. Mmarekani ana majina mengine ya sehemu hizo. Afrika Kusini taa za barabarani huitwa "robot". Boda ilitoka kwenye "border", mpaka wa Kenya na Uganda, ikapoteza r yake kwa namna tuliyokwisha kuiona, ikarudufishwa kuwa bodaboda, na sasa imeingia katika Kiingereza cha magazeti ya Kampala na Nairobi kama neno halali la kwao.

Palipo na hatari ni pale neno moja linapobeba maana mbili na pande zote zinaamini zimeelewana. Winston Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka "to table" waraka wao mbele ya Wamarekani. Kwa Mwingereza, hiyo ni kuuleta mezani ujadiliwe mara moja. Kwa Mmarekani, ni kuuweka kando. Wakabishana kwa muda mrefu na kwa ukali, mpaka wakagundua kuwa wote walitaka jambo moja.

Namba pia zimewahi kutofautiana. Hadi miaka ya 1970, "billion" ya Uingereza ilikuwa milioni mara milioni, mara elfu moja zaidi ya ile ya Marekani. Mwaka 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alitangaza kuwa serikali yake itatumia hesabu ya Kimarekani. Magazeti ya Kiingereza ya India bado huhesabu kwa "lakh" na "crore", na laki yetu ni ndugu wa hiyo ya kwanza, iliyovuka Bahari ya Hindi. Tarehe 4/7 ni Julai kwa Mkenya na Aprili kwa Mmarekani. Mfanyabiashara anayetia saini mkataba na wa ng'ambo afadhali aandike jina la mwezi.

Hata hivyo, ni muhimu tusizidishe. Fungua gazeti la Nairobi, la Sydney, la Delhi na la Boston: sarufi ya maandishi rasmi inakaribia kuwa moja, na tofauti za tahajia hazimzuii mtu kusoma. Kiingereza kinatengana zaidi masikioni, nyumbani na mitaani kuliko kwenye karatasi. Wanaotabiri kwamba kitavunjika kuwa lugha zisizosikilizana, kama Kilatini kilivyovunjika, wanasahau kuwa Kilatini hakikuwa na shule kwa kila mtoto, wala redio, wala intaneti.

Wenye muhuri

Je, usahihi hutoka wapi? Tazama Marekani ilivyofanya. Taifa lilipojitoa mikononi mwa Uingereza, mwalimu Noah Webster aliona kuwa uhuru wa siasa bila uhuru wa lugha ni nusu. Mwaka 1783 alitoa kitabu cha tahajia kwa shule, mwaka 1806 kamusi ndogo, na mwaka 1828 kamusi yake kubwa ya Kiingereza cha Marekani. Alipendekeza "color" na "center", yakashika. Alipendekeza pia ulimi uandikwe "tung" na wanawake "wimmen", yakakataliwa. Mapendekezo yote yalitoka kwa mtu mmoja na kwa hoja zinazofanana. Yaliyoingia yaliingia kwa sababu shule na wachapaji waliyakubali, na yaliyobaki yakabaki kuwa makosa hadi leo.

Wengine walifuata. Jamaika ilipata kamusi ya kitaaluma ya Kiingereza chake mwaka 1967, kazi ya Frederic Cassidy na Robert Le Page. Australia ilipata Macquarie Dictionary mwaka 1981. Kamusi kubwa ya kihistoria ya Kiingereza cha Afrika Kusini ilitoka mwaka 1996. Kila mara taifa lilipojiandikia kamusi, yaliyokuwa yakiitwa makosa yalianza kuitwa msamiati.

Serikali nyingine zilishika njia tofauti. Mwaka 2000 Singapuri ilianzisha kampeni ya kuzungumza Kiingereza kizuri, ikihofia kuwa Singlish itawafungia raia wake milango ya biashara duniani. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi kwa nchi ndogo inayoishi kwa bandari na benki. Singlish haikufa. Watu wanaendelea kuizungumza nyumbani na katika kambi za jeshi, na kuihesabu kuwa kitu kinachowafanya wawe wamoja.

Uchungu wa suala hili ulionekana Oakland, California, Desemba 1996, bodi ya shule ilipotambua rasmi lugha ya watoto Weusi ili itumike kuwafikisha kwenye Kiingereza sanifu. Nchi nzima ilipiga kelele na dhihaka. Januari 1997 Chama cha Isimu cha Marekani kilitamka kuwa lugha hiyo ina mfumo na kanuni kama lugha nyingine yoyote. Gharama ya kupuuza jambo hilo ilionekana mwaka 2013 katika kesi ya mauaji ya kijana Trayvon Martin huko Florida. Shahidi muhimu wa mashtaka alizungumza Kiingereza cha watu wake. Mmoja wa raia wa jopo lililoamua kesi hiyo alisema baadaye kuwa alimwona mgumu kueleweka na asiyeaminika, na wanaisimu John Rickford na Sharese King, katika uchunguzi wao wa mwaka 2016, walionyesha jinsi ushahidi wake ulivyowekwa kando. Mtu anaweza kunyimwa haki kwa sababu ya kitenzi.

Hoja ya upande wa pili

Mwanaisimu Braj Kachru, mzaliwa wa Kashmir, alipendekeza mwaka 1985 kwamba tukitazame Kiingereza kama maduara matatu: la ndani, lenye Uingereza, Marekani na wenzao, la nje, lenye India, Nigeria, Singapuri, Kenya, Tanzania na nyingine zilizotawaliwa, na linalopanuka, lenye China, Japani na Brazili. Alisisitiza kwamba duara la nje lina Viingereza vyake, si vivuli vya vile vya ndani. Mwingereza Randolph Quirk alimpinga: walimu wa nchi hizo, alisema, wanahitaji kielelezo kimoja thabiti, na kusifu lahaja za wanafunzi ni kuwanyima kile walichokuja kukitafuta.

Hoja ya Quirk haipaswi kupuuzwa. Mzazi wa Morogoro anayeuza mahindi kulipa ada ya shule anataka Kiingereza kitakachomfungulia mwanawe milango, na ana haki ya kukitaka. Wakati mwingine makubaliano ya lugha huokoa maisha. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye ukungu uwanjani Tenerife, wakafa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kwamba ndege ya Kiholanzi ilisema "we are now at take-off" ikiwa imeanza kuruka, na mwongozaji akaelewa kuwa iko tayari, inasubiri ruhusa.

Lakini angalia dawa iliyopatikana. Dunia ya anga iliweka misemo ya kudumu, na neno la kuruka likafungwa litumike tu wakati wa kutoa au kufuta ruhusa. Kisha kuanzia mwaka 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likawadai marubani wa safari za kimataifa na waongozaji wao kiwango maalumu cha Kiingereza cha redioni. Kiwango hicho kinakubali lafudhi ya lugha ya mama, mradi haizuii kueleweka, na aliyezaliwa na Kiingereza naye anapaswa kuthibitisha uwezo wake. Mahali ambapo kosa huua, kipimo kilichochaguliwa ni kueleweka. Hakuna aliyeuliza nani anafanana na London. Huo ndio usanifu ninaouunga mkono, kwa kuwa unamdai kila mtu kwa mizani ileile.

Zamu yetu

Eneo letu lina Viingereza kadhaa. Kenya hufundisha kwa Kiingereza mapema, na Katiba ya mwaka 2010 imekiweka rasmi pamoja na Kiswahili. Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967, kwa hiyo watoto wengi hukutana na Kiingereza kama lugha ya masomo wakifika kidato cha kwanza. Rwanda ilihama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza shuleni mwaka 2008 na kuingia Jumuiya ya Madola mwaka uliofuata. Burundi ilikifanya Kiingereza lugha rasmi mwaka 2014. Katika ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Arusha, sauti hizo zote hukaa meza moja na kazi inaendelea.

Nasi tunajua kwa uzoefu jinsi usanifu unavyofanywa. Kamati ya lugha iliyoundwa na wakoloni mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kimvita, chenye hazina ya ushairi wa karne nyingi, kiliachwa kando, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kuwa kilikuwa na upungufu. Uamuzi ulifanywa, vitabu vikachapishwa, shule zikafuata. Anayekumbuka historia hiyo hatababaika akiambiwa kwamba Kiingereza cha London ni bora kwa asili yake.

Dalili za mabadiliko zipo. Kamusi ya Oxford iliingiza maneno 29 ya Kiingereza cha Nigeria Januari 2020, na Juni 2022 ikaongeza ya Afrika Mashariki, yakiwamo "sambaza" na "come-we-stay". Ni jambo jema, ingawa bado tumeandikiwa Oxford. Kazi ya kuandika matumizi yetu, ya Nairobi na ya Dar es Salaam, ya Kampala na ya Kigali, inapaswa kufanywa na vyuo vyetu kwa fedha zetu.

Kazi hiyo itawasaidia kwanza walimu na watahini. Leo mwalimu hana pa kuegemea anapoamua kama "furnitures" ni uzembe wa mwanafunzi mmoja au ni desturi ya wasomi wa nchi nzima. Kosa la mtu binafsi huyumba: leo liko hivi, kesho vile. Tabia ya lahaja hutulia, hupatikana kwa watu wazima wenye elimu, na hueleweka na wote walio karibu. Mwalimu anayejua tofauti hiyo atamwambia mwanafunzi: hivi ndivyo tunavyosema sisi, hivi ndivyo wanavyoandika wale, na mtihani wako au barua yako ya kazi inataka hiki. Mtoto atajifunza zaidi kuliko akichekwa, na hatatoka darasani akiamini kuwa mama yake huzungumza takataka.

Kwa wahariri, nawasihi waache kufuta "sorry" ya mhusika wa hadithi aliyeona mwenzake akianguka. Kwa serikali zetu, nasema suala la orodha za viza lipelekwe kwenye vikao vya Jumuiya ya Madola kwa nguvu ileile tunayopelekea masuala ya ushuru. Nchi inayofundisha, kuhukumu kesi na kutunga sheria kwa Kiingereza inastahili kupimwa kwa elimu ya watu wake. Kipimo kiwe kimoja kwa kijana wa Kisumu, wa Kingston na wa Toronto: anaeleweka, au haeleweki.